Saa ya Tiketi na Saa ya Kwetu

Leo tuzungumze juu ya safari ya ndege. Ni kwa ajili yako unayengoja kuitwa, na wewe uliye na ndugu anayengoja.

Tuanzie hapa Rusizi. Kutoka uwanja wa Kamembe hadi Kigali, ndege inapita karibu kilomita 150 tu, wala haimalizi saa moja angani. Basi linapita zaidi ya kilomita 200: linazunguka kona za msitu wa Nyungwe, linashuka Nyamagabe karibu na kambi ya Kigeme, kisha Huye, Nyanza na Muhanga. Ni saa tano au sita, na ukiwa umempakata mtoto anayetapika utaziona kumi.

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo watu wanapoachwa na ndege. Saa za tiketi zinahesabiwa kuanzia katikati ya usiku, si kuanzia alfajiri kama sisi. Ikiandikwa 07:00, usiseme saa saba. Ni saa moja asubuhi. Ikiandikwa 19:00, ni saa moja jioni.

Inayotega zaidi ni 00:30. Tuseme tiketi ya mama mmoja inasema tarehe 15, 00:30. Asubuhi ya tarehe 15 anafunga mizigo, anaaga majirani, anapanda basi. Ndege yake iliondoka usiku uliopita, saa sita na nusu, yeye akiwa amelala! Tarehe mpya huanza saa sita usiku. Kwa safari ya nje, watu hutakiwa uwanjani kama saa tatu kabla ya ndege kuruka, kwa ukaguzi wa mizigo na hati. Kwa hiyo alipaswa kuwa uwanjani Kigali tarehe 14, saa tatu na nusu usiku. Na kama anatoka huku Rusizi, basi lake ni la asubuhi ya tarehe 14, si la mchana.

Jambo jingine: saa ya kufika ni ya nchi unayofikia. Kigali hadi Doha ni karibu kilomita 3,800, kama saa tano na nusu angani. Ukiondoka 18:00, tiketi itaonyesha unafika 00:30, tarehe ya kesho, kwa sababu Doha iko mbele yetu kwa saa moja. Hujadanganywa.

Rwanda na Bukavu saa ni ile ile, lakini Tanzania, Uganda na Kenya wako mbele kwa saa moja. Wewe uliyeko Mahama, simu ikidaka mtandao wa Tanzania, saa yake inaweza kuruka yenyewe. Iangalie kabla ya kulala.

Na siku utakayopewa tiketi, mwombe anayeshughulikia safari yako akuandikie pembeni, kwa kalamu, siku ya juma na saa ya kutoka kambini.