Kabla ya Kununua Bastola

(Mazungumzo ya walimu wa elimu ya watu wazima na wanakisomo wa Kiwangwa na vijiji jirani, Bagamoyo)



Leo tunaacha kidogo habari za mbolea na vyoo. Tumeombwa tuzungumze juu ya silaha. Aliyetuomba ni mwenzetu wa darasa hili hili. Ananunua mananasi hapa na kuyapeleka Dar es Salaam. Jina lake hatulitaji, ingawa yupo hapo nyuma anacheka. Anasema siku nyingine anarudi usiku, fedha iko mfukoni, njia ina giza, na moyo hautulii. Anataka kununua bastola. Tena anasema angependa aende nayo kwenye uwanja wa shabaha siku za mapumziko, maana alipokuwa mafunzo ya mgambo aliupenda mchezo wa kulenga. Swali lake ni moja: anunue ipi?

Sisi si wauza bunduki. Sisi ni walimu. Lakini swali hili tumelipenda, kwa sababu nusu yake ni kusoma.

Pwani yetu inazijua bunduki tangu zamani. Misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo kwenda bara na bunduki za kushindilia. Mwaka 1888 Abushiri bin Salim aliwaongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, na kule Saadani Bwana Heri naye akapigana. Wengi wao walishika bunduki za namna hiyo. Magobore haya mnayajua. Unatia baruti kwa mdomo wa mtutu, unashindilia, unatia vipande vya chuma au risasi. Gobore halina cha kusoma. Asiyejua hata herufi moja aliweza kulitumia, na likimpasukia usoni alisema ni bahati mbaya.

Bunduki ya kiwandani ni kitu kingine. Ina maandishi ubavuni, na risasi yake ina maandishi kitakoni. Maandishi hayo yakigombana, mtu anaumia.

Tuwape mfano tuliouona wenyewe. Mzee mmoja wa kijiji kingine alikuwa na bunduki ya marisau, halali, ina leseni. Siku moja alituletea darasani risasi mbili. Moja nyekundu, moja ya manjano. Akasema, "Walimu, hii ya manjano nimepewa na rafiki. Inaingia vizuri, inateleza mpaka ndani. Nimeiona nzuri zaidi." Tukaisoma kitako. Imeandikwa 20. Ile nyekundu imeandikwa 12. Na mtutu wa bunduki yake, tulivyomwuliza, una 12.

Wanahesabu, hapa pana jambo. Mngedhani 20 ni kubwa kuliko 12. Sivyo. Hesabu hii ni ya zamani. Chukua ratili moja ya madini ya risasi. Igawe mafungu 12 yaliyo sawa, kila fungu ulifanye gololi. Upana wa gololi hiyo ndio upana wa mtutu wa 12. Ukiigawa ratili ile ile mafungu 20, gololi zinakuwa ndogo. Basi 20 ni nyembamba kuliko 12. Ile ya manjano iliteleza kwa sababu ni nyembamba, na ingekwama ndani zaidi ya mtutu, mahali pasipoonekana. Mzee angedhani bunduki ni tupu. Angetia ile nyekundu nyuma yake. Angevuta triga. Mtutu ungepasuka mbele ya mkono wake wa kushoto. Ndiyo sababu viwanda hutengeneza risasi za 20 kwa rangi ya manjano, mtu azitofautishe upesi. Mzee alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kama darasa la jioni bado lina nafasi.

Sasa turudi kwa mwenzetu na bastola yake.

Bastola zina namna mbili kubwa. Ya kwanza ni ile ya gurudumu, wengine wanaiita rivolva. Risasi zake, tano au sita kwa kawaida, zinakaa katika gurudumu linalozunguka. Ukilifungua unaona matundu yote: hili lina kitu, hili tupu. Haina mambo mengi. Ubaya wake ni kwamba triga nyingi za namna hii ni nzito kuvuta, na mkono wa mtu asiyezoea hutetemeka mpaka shabaha inapotea. Na kujaza upya kunachukua muda.

Ya pili ni ya magazini. Risasi zinapangwa ndani ya kijisanduku, kijisanduku kinaingia katika mpini. Ukipiga moja, bastola yenyewe inatupa ganda na kuvuta nyingine. Inabeba risasi nyingi zaidi, ni bapa, inafichika vizuri chini ya shati. Lakini hii ndiyo yenye mtego mkubwa, na mtego huo tunautaka muusikie vizuri.

Tulipokuwa mafunzoni zamani, mkufunzi wetu alichukua bastola, akachomoa magazini, akaiweka mezani. Akatuuliza, "Je, hii ni tupu?" Sote, watu wazima wenye vyeti, tukajibu kwa sauti moja: "Tupu!" Akaielekeza kwenye kifusi cha mchanga, akavuta nyuma ile sehemu ya juu. Risasi moja ikaruka, ikaanguka miguuni petu. Magazini ilikuwa imetoka, lakini risasi moja ilibaki katika chumba cha kufyatulia, askari wanakiita chemba. Hiyo moja inatosha kuua mtoto. Basi mpango ni huu: kwanza elekeza mtutu mahali salama, kidole kiwe nje ya triga. Chomoa magazini. Halafu vuta nyuma sehemu ya juu, angalia chemba kwa macho, na kama ni giza pitisha kidole. Ukifuata mpango huu kinyume, yaani ukavuta kwanza ndipo ukachomoa, umeipakia mwenyewe.

Je, ya ukubwa gani? Madukani mtu ataonyeshwa bastola ndogo, inaenea kiganjani, ataipenda kwa sababu ni nyepesi. Sisi tunasema asiharakishe. Bastola ndogo inaruka sana mkononi ikipigwa. Na alama mbili za kulengea, ya mbele na ya nyuma, zimekaribiana. Jaribuni kupanga mstari wa migomba kwa vijiti viwili vilivyoachana hatua moja, halafu jaribuni kwa vijiti vilivyoachana hatua kumi. Mtaona mstari upi umenyooka. Bastola kubwa mno nayo ni nzuri uwanjani, lakini utaichoka kuibeba. Kwa mtu anayetaka moja ya kazi zote mbili, shabaha na safari ya mara moja moja, ya kati inafaa, yenye mtutu wa kama sentimeta 10. Aishike kwanza. Kidole kifike kwenye triga bila kujinyoosha, na mpini ujae kiganja.

Sasa namba. Zipo bastola zimeandikwa .22. Hizo ni sehemu 22 za mia za inchi. Inchi ni milimita 25.4, kwa hiyo pigeni hesabu: ni kama milimita 5.6. Risasi yake ni ndogo, haina kishindo kikubwa, haiumizi mkono, na ni rahisi kwa bei kuliko nyingine. Kujifunzia kulenga hakuna iliyo bora. Nyingine zinaitwa za tisa, yaani milimita 9, na hizo ndizo zenye nguvu za kujilinda. Lakini msiseme dukani "nipe za tisa" mkanyamaza. Ipo 9x19, iliyotoka Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Ipo pia 9x18, ya bastola ya Makarov, ambayo jeshi la Urusi ya zamani liliichukua mwaka 1951. Namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Milimita moja tu, mtasema. Ndiyo, na ganda haliingii mahali pake, na hata unene wa risasi zenyewe si mmoja. Soma ubavuni mwa mtutu, soma kwenye boksi, linganisha.

Kama mwenzetu angetuuliza moyo wetu hasa, tungemwambia anunue ya 9x19 ya kati, na fedha anayotaka kuongeza kwa ajili ya bastola nzuri zaidi aiweke kwa ajili ya risasi za mazoezi. Anayepiga mara moja kwa mwaka hana silaha, ana chuma.

Na mazoezi yafanyike kwenye uwanja wa shabaha unaotambuliwa, wenye ukuta au kifusi nyuma. Si kwenye mikorosho. Hata ile .22 ndogo, ikikosa shabaha, inaweza kwenda zaidi ya kilometa moja. Kilometa moja ni kutoka hapa mpaka kisimani na kupita, na akina mama wako njiani na ndoo. Kulenga ni mchezo wa heshima, ulikuwamo hata katika Olimpiki ya kwanza ya siku hizi, Athens 1896. Leo katika bastola ya hewa ya mita 10, duara la pointi kumi lina upana wa milimita 11 na nusu. Ni kama kifungo cha shati. Hilo halipatikani kwa kufyatua fyatua hovyo.

Juu ya sheria tutasema kwa ufupi, kwa sababu ofisa wa polisi ataeleza vizuri kuliko sisi. Sheria inayotumika ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, na awe na cheti cha kuonyesha kwamba anajua kutumia silaha. Maombi yanaanzia hapa kijijini, mnapofahamiana tabia, yanapanda kata, polisi wa wilaya na kamati ya usalama, mpaka juu kwa Msajili. Kwa hiyo mtu asinunue kwanza akaomba baadaye. Leseni ni ya mtu mmoja na silaha moja yenye namba yake. Humwazimi shemeji. Bunduki za kivita raia haruhusiwi, na kujitengenezea gobore bila kibali ni kosa. Halafu kuna wale mliotuuliza juu ya nguruwe wanaoharibu mihogo: bastola si kazi yake, na mnyama wa porini ana sheria yake ya mwaka 2009. Mwoneni ofisa wa wanyamapori.

Jambo ambalo maduka hayasemi ni chumvi. Sisi watu wa pwani tunajua upepo wa bahari unavyokula bati na baiskeli. Bastola nayo huliwa. Mwenye nayo wengi huiacha ndani ya ala ya ngozi, mwezi mzima, akidhani ameitunza. Ngozi inashika jasho na unyevu, chuma kinapata kutu upande usioonekana. Ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya bunduki, ikae nje ya ala, ndani ya sanduku la chuma lililofungwa na kushikizwa ukutani. Risasi zifungiwe mbali nayo. Mafuta ya nazi waachieni wali na nywele, maana yanaganda na kushika vumbi. Na ufunguo usikae juu ya mlango. Watoto wanajua juu ya mlango.

Mwenzetu, tunakuuliza na sisi swali moja. Bastola hii utaibeba mara moja moja. Siku nyingine zote italala nyumbani, na watoto wako wanne. Je, fedha ya mananasi ni lazima isafiri mfukoni? Tangu mwaka 2008 watu wa nchi hii wanatuma fedha kwa simu. Mnunuzi akikulipa kwenye simu ukiwa sokoni, mwizi wa njiani atakuta nini? Ukiisha kulijibu hilo kwa uaminifu, ukaona bado unaitaka, basi anza na karatasi za maombi. Tutakusaidia kuzijaza.

Tulipofika hapa tuliruhusu maswali. Mama mmoja alinyosha mkono akauliza kwa sauti ndogo: "Na kama mwenye bunduki amekufa?"

Watu walinyamaza. Tukamjibu kwamba leseni hairithiwi kama shamba. Mwenyewe akifariki, silaha ipelekwe polisi, na mrithi anayeitaka aombe upya kwa jina lake. Tukaongeza kwamba polisi wameshatangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kama walivyofanya mwaka 2023, lakini mtu asingoje tangazo.

Baada ya mazungumzo alitufuata chini ya mwembe. Bunduki ya marehemu mumewe ilikuwa uvunguni miaka mitatu. Aliogopa kuigusa, aliogopa kuitaja. Hakujua kama imepakiwa. Tulimwambia asiitoe wala asiibebe njiani. Tukaenda naye kwa Mtendaji, Mtendaji akapiga simu, na kesho yake askari wawili wakaja kuichukua. Ilikuwa na risasi moja chemba.

Askari alimwandikia hati ya kupokea silaha. Mama aliishika, akasoma namba moja moja, akalinganisha na leseni ya mumewe. Tarakimu ya nne haikuwa sawa. Askari alivaa miwani, akatazama tena ubavuni mwa mtutu, akaisahihisha.