Akiba ya Uzeeni na Haki ya Mchangiaji

Tangu mwisho wa Desemba 2024, mfanyakazi nchini Kenya anaweza kuweka hadi shilingi 30,000 kwa mwezi katika mpango wa pensheni uliosajiliwa bila fedha hizo kutozwa kodi ya mapato. Awali kikomo kilikuwa 20,000.

Nafuu hiyo si haba. Ambaye sehemu ya juu ya mshahara wake hutozwa asilimia 30, akichangia 10,000, kodi yake hupungua kwa 3,000. Hata hivyo, kiasi kinachosamehewa hakipiti asilimia 30 ya mapato yake, na michango ya NSSF huhesabiwa humo humo.

Katika mpango wa kazini, mwajiri huondoa mchango kabla ya kukokotoa PAYE. Anayeumia ni mwenye mpango binafsi: mwajiri asipoarifiwa, kodi hukatwa yote.

Haki yake bado ipo. Achukue cheti cha michango kutoka kwa wasimamizi wa mpango, kisha aijaze michango hiyo katika taarifa yake ya kodi kwenye iTax kufikia Juni 30.

Mfanyakazi asinyimwe jasho lake kwa kutojua. Waajiri wawaeleze watu wao, na kila mchangiaji aikague hati yake ya mshahara mwezi huu.