Watu wa Hewa Bora



Wengi hapa Manono wanamjua Kabila wa mwaka 1997, aliyeingia Kinshasa. Mimi nataka kusema habari za miaka ya nyuma, alipokuwa na watu wachache tu.

Mobutu alitwaa utawala kwa jeshi Novemba 1965. Desemba 1967, huko Fizi, Kabila na wenzake wakaunda chama cha PRP, kwa fikra za Marx na Mao. Makao yao milimani wakayaita Hewa Bora. Walilima, wakauza dhahabu ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1975 walivuka mpaka Gombe, wakateka wazungu wanne, wakiwemo wanafunzi, wakadai fedha. Hilo silisifu: mwanafunzi si askari wa Mobutu.

Halafu Moba, jirani zetu. Novemba 1984 waliushika mji siku chache. Juni 1985 wakarudi, wakashindwa tena. Wao walikimbilia milimani. Mwenyeji wa Moba je, akimbilie wapi? Askari wa serikali walimwangukia yeye, ambaye hakuulizwa neno.

Chama kikanyauka. Oktoba 1996, AFDL ilipoundwa, PRP ilikuwa kimoja tu kati ya vyama vinne, na nyuma yao walisimama askari wa Rwanda.