Siku ya Mafundi Vyuma Gerezani: Kwa Nini Tuigharimie

(Mazungumzo na wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili. Yamefupishwa kidogo.)



Nimeombwa nieleze kwa nini ofisi yetu inapendekeza siku moja ya maonyesho ya ufundi wa vyuma pale Gerezani, Kariakoo, wakati kuna visima na zahanati zinazongoja fedha. Swali hilo ni la haki.

Anayepita Gerezani husikia kelele kwanza, nyundo juu ya bati. Huko ndiko yanakotoka majiko ya mkaa, masanduku ya wanafunzi wa bweni, makarai na mageti. Pipa la mafuta linapasuliwa, linanyooshwa, linakuwa kitu kingine. Fuawe ya fundi mara nyingi ni kipande cha reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, na chuma cha reli hadi leo kinapokea nyundo. Vijana wengi wanaojifunza pale hawana kitabu. Wanatazama mkono wa fundi.

Hapo ndipo penye hofu yangu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Buhaya, mkoani Kagera, wayeyushe chuma kama zamani. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa miongo kadhaa, kwa kuwa majembe ya ng'ambo yalishaingia. Wazee wakakumbushana hatua kwa hatua. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani, wakachoma matete shimoni, wakaingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuru, ndipo wakavuta mivukuto. Kwa kuwa mirija ilikaa motoni, hewa ilipata joto kabla ya kuyafikia makaa. Joto lilipita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba chuma cha pua kilitengenezwa hivyo huko Buhaya miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Huko Uskoti, James Neilson alipata hataza ya kupuliza hewa moto tanuruni mwaka 1828.

Elimu yote hiyo ilikuwa imebaki vichwani mwa wazee wachache. Wangetutoka mapema kidogo, tungebaki na mavi ya chuma mashambani.

Someni pia 1 Samueli 13. Israeli haikuwa na mhunzi, ikabidi watu wateremke kwa Wafilisti kunoa majembe yao.

Sasa siku yenyewe. Mafundi wafanye kazi mbele ya watu, wasikae nyuma ya meza. Mmoja asubu sufuria kwa alumini chakavu, mwingine atie lehemu. Walimu wa fizikia na kemia walete wanafunzi wao waulize maswali. Tanuru la Kihaya hatutaliwasha katikati ya Kariakoo, moshi wake si wa mchezo; picha zitatosha. Wako waliopendekeza Ijumaa, nami nimekataa. Mafundi wetu wengi ni Waislamu, na sherehe hii ni yao kabla ya kuwa yetu. Iwe Jumamosi.

Wafadhili, fedha nyingi hazitakwenda kwenye maturubai na vipaza sauti. Zitanunua miwani ya kuchomelea na glavu. Nimemwona kijana akichomelea huku amefumba jicho moja na kugeuza uso pembeni. Umri wake haukufika miaka ishirini. Alipomaliza alikuwa anatokwa machozi, akacheka, akasema amezoea.

Kamati za parokia, kwenu sina ombi la fedha. Parokia moja, sitaitaja, iliagiza kinara cha mishumaa ng'ambo. Mguu wake ulipovunjika, ulichomelewa Gerezani kwa nusu saa. (Kicheko.) Kila kamati ilete orodha ya vitu vya chuma inavyotarajia kununua mwaka ujao: mageti, madawati, vitanda vya zahanati. Orodha zitabandikwa ukutani siku hiyo, fundi asome na ataje bei yake mbele ya watu. Karatasi ziko kwa katibu. Tafadhali andikeni vipimo, maana mara nyingi tunasema tu "geti la kawaida", na fundi ndiye anayepata hasara.