Tusingoje Matanga: Kumuuguza Mgonjwa wa Saratani Nyumbani

(Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia)



Nianze na jambo la kwetu. Shangazi yangu aliugua saratani ya mlango wa kizazi. Daktari alipotuambia kwamba ugonjwa umeenea na hauwezi kupona tena, shangazi alisema, "Nirudisheni nyumbani. Nataka kusikia kuku wangu asubuhi." Sisi tuliogopa. Tuliona kumrudisha ni kama kumtupa. Tukamhamisha hospitali hii hadi ile, akafia ndani ya gari, barabarani, kichwa chake mapajani mwangu. Kisha tukachanga. Kwa juma moja tulipata pesa za jeneza, gari, hema na chakula cha watu. Usiku wa matanga nikajiuliza: hizi pesa zilikuwa wapi shangazi alipokuwa akilia kwa maumivu?

Basi neno langu leo ni moja. Mgonjwa asiyeweza kupona tumwulize angependa kumalizia siku zake wapi. Akisema hospitali, tumheshimu. Akisema nyumbani, kikundi kisaidie iwezekane.

Kumrudisha nyumbani sio mwisho wa matibabu. Iko huduma ya kumtuliza mgonjwa. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilianza mwaka wa 1990, na leo hospitali kadhaa za kaunti zina wauguzi wa kazi hiyo. Kabla ya kutoka hospitali, ulizeni.

Sasa, nyumbani tufanye nini?

1. Maumivu. Haya ndiyo ya kwanza. Morfini ya maji hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, kama alivyoandika daktari. Msingoje mpaka mgonjwa alie. Watu husema morfini ni dawa ya kummaliza mtu. Sivyo! Ikitolewa kwa kipimo cha daktari, haimuui. Humpa nafasi ya kulala na kuongea na watoto wake. Lakini hufunga choo, kwa hivyo ombeni na dawa ya kulainisha choo. Ifungiwe mahali watoto hawafiki.

2. Mwili. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, asipate vidonda vya mgongo. Shuka isiwe na mikunjo. Kinywa kisafishwe kwa kitambaa laini na maji yaliyochemshwa, yakapoa, yenye chumvi kidogo.

3. Kidonda kinachonuka. Harufu ndiyo huwafukuza wageni, naye mgonjwa huona aibu. Oshani kidonda kwa maji kama hayo ya chumvi. Mwulizeni muuguzi juu ya vidonge vya metronidazoli, ambavyo husagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda kupunguza harufu. Na mjue kwamba saratani haiambukizwi kwa kumwosha wala kumlisha mgonjwa.

4. Chakula. Msimlazimishe. Mtu akikaribia mwisho, mwili haudai chakula. Mpeni vijiko vichache vya uji au maji, anavyotaka.

5. Anayeuguza. Mara nyingi ni mama mmoja au msichana aliyeacha shule. Naye atachoka! Kikundi kiandike zamu: huyu ateke maji, huyu afue shuka, huyu akeshe usiku mmoja, kijana mwenye pikipiki afuate dawa.

Siku za mwisho mgonjwa hulala sana, miguu hupoa, pumzi hukatika na kurudi. Ni njia ya kawaida ya kufa. Msikimbilie gari. Kaeni naye, mshikeni mkono, ongeeni naye, kwani huenda bado anasikia. Lakini akivuja damu nyingi, au maumivu yakishinda dawa, iteni muuguzi au mpelekeni hospitali. Hiyo sio aibu wala kushindwa.

Mtaniuliza, "Na serikali je?" Mtu akifia nyumbani, jamaa apeleke habari kwa naibu wa chifu, ili kifo kiandikishwe na kibali cha mazishi kipatikane. Tena wako wanaoogopa mtu kufia ndani ya nyumba. Wazee walizungumze hilo mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kusema, sio usiku wa kifo.

Ndugu zangu, mkirudi kwenu fungueni kitabu cha mweka hazina. Mfuko wa mazishi mtauona. Je, mfuko wa mgonjwa upo? Anzeni na kidogo: sabuni, shuka mbili, nauli ya kufuata dawa. Shangazi yangu hakuhitaji hema kubwa. Alihitaji morfini, mtu wa kumgeuza, na kuku wake wawike asubuhi.