Abiria Anayevuta Henza: Ya Kuuliza Kabla ya Kujiunga na Safari ya Jahazi



Nimeombwa niseme nanyi juu ya safari za jahazi za siku kadhaa, ambazo msafiri hulipa nauli na papo hapo hushiriki kazi za chombo. Msafiri wa namna hiyo huvuta henza, yaani kamba ya kupandishia foromali pamoja na tanga lake, hushika zamu ya usiku, hukomba maji ya ngama na huosha masufuria. Wanaozitamani safari hizi si wageni wa ng'ambo peke yao. Wamo walimu, wanafunzi wa vyuo, na watoto wa mabaharia waliokulia mijini wakisikia habari za kusi na kaskazi bila kuzionja. Nami sitawakataza kwenda.

Siku moja alifika kwenye dawati letu la malalamiko mwalimu mmoja, kiganja cha kulia kimefungwa bendeji. Alikuwa amelipa nauli kamili ya safari ya mwezi wa Julai, kutoka Unguja hadi Kilwa Kisiwani kupitia Mafia. Usiku wa pili, jahazi lilipokuwa likigeuzwa ili lipokee upepo kwa ubavu wa pili, alikabidhiwa kamba aizuie, wala hakuelezwa kwamba kamba yenye uzito wa tanga huzungushwa kwanza kwenye kigingi. Ikamponyoka na kumchuna ngozi. Kesho yake akateremshwa pwani ya bara, mbali na Kilwa, kwa kuwa chombo kilishindwa kusonga mbele. Alipodai gharama za matibabu pamoja na nauli ya sehemu ya safari asiyoiona, alionyeshwa karatasi aliyoitia saini mwenyewe bandarini, mizigo ikiwa imekwisha pakiwa. Humo aliitwa "baharia wa hiari". Mwenye biashara akamjibu kwamba baharia hadai nauli, na kwamba baharia huijua hatari ya kazi yake.

Neno hilo moja ndilo lililonileta mbele yenu. Abiria amenunua huduma. Anastahili chombo kilichokaguliwa na kuruhusiwa kubeba watu, nafasi iliyomo katika idadi iliyoruhusiwa, na uangalifu wa wale aliowalipa. Baharia ni mfanyakazi, mwenye ujuzi, mkataba wa kazi na ujira. Mtu anayelipa kisha akaandikwa baharia huwekwa mahali pabaya kuliko wote wawili, maana ulinzi wa abiria ameuacha na ujira wa baharia hakuupata. Kwa hiyo itake karatasi hiyo siku nyingi kabla ya safari, uisome nyumbani, na udai iandikwe waziwazi kwamba wewe ni abiria, na kwamba kushiriki kwako katika kazi hakukuondolei haki yoyote ya abiria. Mwenye biashara mwaminifu hatakuwa na sababu ya kukataa. Uliza pia kama bima ya safari inamhusu mtu anayevuta kamba au inamhusu aliyekaa tu, na uonyeshwe sharti lenyewe kwa maandishi.

Jambo la kuandikwa lina uzito mwingine. Mnaikumbuka meli ya Spice Islander I, iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba. Ilikuwa meli ya injini, wala si jahazi, lakini ilipakia watu kupita kiasi, na hesabu ya waliopotea iliyotangazwa mwanzoni ilipishana mno na ile iliyotolewa baadaye na tume ya uchunguzi. Familia zilibaki zikitafuta majina yasiyokuwamo katika orodha. Kabla ya nanga kung'olewa, omba uione orodha ya waliomo chomboni, uhakikishe jina lako limeandikwa sawasawa miongoni mwa abiria, na nakala yake imebaki nchi kavu. Vivyo hivyo omba kukiona cheti cha ukaguzi wa chombo. Kwa Tanzania Bara, usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri baharini. Tazama tarehe ya mwisho wa cheti na idadi ya watu kinaoruhusu, kisha uwahesabu wenzako.

Sasa nije kwenye upepo, maana hapa ndipo matangazo mengi yanapomghilibu mlaji. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba, nayo hushika nguvu hasa katikati ya mwaka. Kaskazi hutawala kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Katikati yake huja maleleji, pepo zisizokuwa na msimamo. Zaidi ya hayo, mkondo wa bahari katika pwani ya Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huenda kwa kasi zaidi. Basi itazameni tena safari ya mwalimu yule. Kutoka Unguja hadi Kilwa ni zaidi ya kilomita 300 kuelekea kusini. Mwezi wa Julai upepo na mkondo vyote viwili vilikuwa vikimjia usoni. Nahodha angeweza kupiga bisho, akaenda upande huu na upande ule, lakini safari ya aina hiyo huchukua siku nyingi na huuchosha mwili na chombo. Safari iyo hiyo ingalifanywa kinyume chake, kutoka Kilwa kwenda Unguja, jahazi lingalikwenda na pepo zake. Aliyeiuza aliyajua hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kutangaza tarehe ya kufika ambako upepo wa msimu haukupeleki ni jambo linalostahili kuulizwa kwa sheria hiyo. Zanzibar nako kuna tume yake ya kushughulikia mambo hayo.

Mwishoni mwa mwaka 1938 baharia Mwaustralia Alan Villiers alijiunga na jahazi la Kuwait huko Aden, akafuata kaskazi hadi Unguja na delta ya Rufiji, kisha akarudi na kusi. Ilimchukua miezi. Yeye hakuwa na kazi ya kuwahi Jumatatu asubuhi, ninyi mnayo.

Kwa sababu hiyo, sharti ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote katika mkataba ni lile la siku za kungoja. Ni nani atakayelipia chakula na malazi nahodha akiamua kubaki bandarini? Ukikuta kwamba ni abiria, au kwamba safari isipoondoka tarehe iliyotajwa arbuni yote hupotea, fahamu kwamba mkataba huo unawasukuma watu baharini siku wasiyopaswa kwenda. Nimewahi kusoma malalamiko ya abiria waliomshikilia nahodha waondoke kwa kuwa likizo yao ilikuwa ikiisha, kisha wakalalamika kwamba walilowa na kutishika. Afadhali mkataba useme kwamba uamuzi ni wa nahodha peke yake, na kwamba siku fulani za kungoja zimekwisha hesabiwa katika nauli. Nanyi someni utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Inapotolewa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, abiria asimhimize mtu kuondoka.

Mkiwa chomboni, vaeni jaketi la kuokolea siku ya kwanza, hapo hapo bandarini, mfunge na kufungua mikanda yake mara kadhaa, maana jaketi lililofungiwa chini ya magunia halimfai mtu. Ulizeni redio ya VHF iko wapi na ni nani mwingine, zaidi ya nahodha, anayejua kuitumia katika chaneli 16, ambayo ni ya miito ya dharura. Tanga linapopinduliwa, foromali nzito huzungushwa kwenye mlingoti gizani na kamba hukimbia kila upande. Asiyefundishwa mchana asishike kamba usiku. Unayo haki ya kusema, "Kazi hii sijafundishwa." Lakini nahodha akiamuru mkae chini au mhamie ubavu wa pili, tiini kwanza, maswali yafuate baadaye.

Mwalimu yule alirudishiwa nauli ya sehemu aliyoikosa, kwa kuwa alihifadhi katika simu picha ya tangazo lililotaja Kilwa na tarehe ya kufika. Gharama za matibabu alipata nusu tu, baada ya miezi ya kuandikiana barua, kwa ajili ya saini yake chini ya lile neno. Mkija kwetu na jambo la namna hii, njooni na tangazo, stakabadhi, karatasi mliyoitia saini na cheti cha hospitali, pamoja na nakala ya barua mliyomwandikia kwanza mwenye biashara.