Gari, Feri na Njia: Daraka ni la Nani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa Chama, Mji wa Kale, Mombasa)



Katika barua zote alizoziandikia Chama karani wenu mwaka uliopita, hapana zilizotuchosha kama barua tatu za habari ya kituo kimoja cha magari ya abiria. Kituo hicho kilihamishwa mbali na soko bila wenye mizigo kuulizwa. Akina mama wauzao mboga na samaki wakawa hawana budi kujitwika vikapu mwendo wa robo saa juani, au kumlipa mwenye mkokoteni sehemu ya faida ambayo tangu hapo ilikuwa haba. Tuliandikia afisi ya kwanza, tukajibiwa kwa adabu kwamba leseni za magari ni kazi yao, lakini mahali pa kusimama si pao. Afisi ya pili ikasema mahali pa kusimama ni pao, ila barabara yenyewe si yao, na kwa hiyo hawawezi kuweka hata kibanda cha kivuli. Ya tatu haijajibu mpaka leo. Hatuzitaji kwa majina, maana hatukuja kumshitaki mtu. Tumeonelea afadhali tueleze jinsi madaraka haya yalivyogawanywa, ili mwanachama ajue mlango wa kubisha.

Wazee wetu walisikia kwa baba zao habari za vigari vya reli vilivyosukumwa na watu kutoka Mji wa Kale mpaka Kilindini, kabla ya motokaa kuenea. Siku hizo taabu ilikuwa jasho la msukumaji. Mwenye gari alijulikana. Tulipopata Uhuru mwaka 1963, Katiba iliigawa nchi katika majimbo yenye mabaraza yao, na Pwani ikawa mojawapo. Mpango huo haukudumu. Ilipofika 1964 Kenya ikawa Jamhuri, na nguvu zikarudi Nairobi. Tangu hapo mkoa ulikuwa na Mkuu wa Mkoa aliyetumwa na Serikali Kuu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliziruhusu matatu zichukue abiria bila leseni ile iliyodaiwa mabasi. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, kwa kuwa gari lilifika pale ambapo basi halikufika. Lakini tangu siku ile gari la mnyonge likazoea kwenda bila ya mwenye kulipangia.

Sasa tuje kwenye Katiba ya mwaka 2010. Jedwali lake la Nne limeandika kazi za serikali mbili, ya Taifa na ya Kaunti. Barabara kuu za nchi, kama ile iendayo Nairobi, ni za Taifa. Reli ni ya Taifa, na sheria za mwendo wa magari barabarani ni za Taifa. Barabara za kaunti, taa za njiani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani ni kazi ya Kaunti. Ukisoma hayo utasema mambo yamekwisha. Lakini leseni ya kuchukua abiria hutolewa na NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, nayo ni ya Taifa. Askari wa trafiki ni wa Taifa vilevile. Kaunti huonyesha kituo na kupokea ada yake. Na nauli je? Nauli haina aikataye isipokuwa wenye magari wenyewe, ndiyo maana ikinyesha mvua jioni, bei hupanda kabla ya maji kujaa mtaroni.

Jambo linalotugusa zaidi ni feri ya Likoni. Mtu asiyekaa Mombasa hudhani feri ni chombo cha wageni waendao pwani ya kusini kupumzika. Sisi twajua kwamba ni njia ya kazini. Kwa hesabu zilizokuwa zikitolewa na wenye kivuko, watu zaidi ya 300,000 walivuka kwa siku, wengi wao kwa miguu na bila nauli. Kibarua wa bandarini akikwama ng'ambo kwa sababu chombo kimoja kimeharibika, akifika langoni hukuta nafasi yake imepewa mwingine, na jioni hurudi nyumbani mikono mitupu. Wala si mshahara peke yake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu 272. Hakuna mtaa wa upande ule usiokuwa na nyumba iliyofiwa. Mwezi wa Septemba 2019 motokaa iliteleza kutoka ferini, ikazama na mama na mtoto wake.

Basi Jedwali lile lile la Nne lasema feri na bandari ni kazi ya Kaunti, isipokuwa mambo ya meli za kitaifa na za kimataifa. Hata hivyo feri ya Likoni iliendelea kushikwa na kampuni ya Serikali ya Taifa, kisha ikawekwa chini ya Halmashauri ya Bandari. Daraja la kuelea la waendao kwa miguu pale Liwatoni, lililozinduliwa mwisho wa 2020, nalo lilijengwa na Serikali ya Taifa.

Wako wenzetu wasemao feri irudishwe Kaunti kesho asubuhi. Sisi hatukubaliani nao. Chombo kinachovusha maelfu bila kuwatoza hakijilipii mafuta wala matengenezo, na kumkabidhi mtu mzigo bila posho ni kumwangusha. Kifungu cha 187 cha Katiba kimetoa njia. Serikali moja yaweza kuifanyia nyingine kazi kwa mapatano, na fedha ziifuate kazi hiyo; lakini daraka la kikatiba hubaki kwa yule aliyepewa na Jedwali. Kwa hiyo Kaunti haiwezi kunawa mikono kwa kusema feri si yake, wala Taifa haliwezi kukataa maswali kwa kusema linasaidia tu.

Hapa Mji wa Kale shida ni ndogo kwa kipimo, ila ni ya namna ile ile. Vichochoro vyetu havikujengewa magari. Hata hivyo tuktuk huingia mpaka kwenye baraza za nyumba. Njia ni za Kaunti, majumba ya kale yako chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Taifa, na Bandari ya Zamani ni ya Halmashauri ya Bandari. Ukitaka tuktuk zisimame nje ya Ndia Kuu, wa kuulizwa ni watatu.

Mwaka 2017 Nairobi na kaunti nne jirani, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, ziliundiwa halmashauri moja ya usafiri, NAMATA. Afrika Kusini, kwa sheria ya 2009, iliandika mahali pamoja kazi za Taifa, za jimbo na za mji. Hatusemi kwamba huko magari hayachelewi. Lakini Mombasa nayo haiishi peke yake: asubuhi watu hutoka Mtwapa, iliyo Kilifi, na Ukunda, iliyo Kwale, na gari halisimami mpakani kubadili serikali. Chombo cha namna ya NAMATA, chenye kaunti zetu tatu na Serikali ya Taifa, twakiona kinafaa.

Kwa sasa Kamati yataka neno jepesi zaidi. Katika kila kituo na pale kivukoni pabandikwe ubao wa Kiswahili, uandikwe nani ana leseni, nani ana barabara, nani ana taa, na mahali pa kupeleka malalamiko. Mwanachama aliyepatwa na jambo alete habari kwa karani, akitaja siku, saa na nambari ya gari. Barua ya nne juu ya kile kituo cha soko tumekwisha kuiandika. Ina nakala tatu, nazo zitapelekwa afisi zote tatu siku moja, kila nakala ikionyesha kwamba wale wawili wengine wameipata.